Ukungu wa Ndani

Kwa miaka zaidi ya miwili niliamini kuwa kitufe cha AC ni cha siku za joto, basi. Aliyenitoa kwenye imani hiyo hakuwa fundi wala kitabu. Alikuwa dereva wa lori, usiku, kwenye baridi ya kati ya Mafinga na Makambako.

Ilikuwa Julai 2013. Nilikuwa nampeleka mama kwao, upande wa Lupembe, kwenye msiba wa kaka yake mkubwa. Kigari changu cha Kijapani kilikuwa kimejaa: mimi kwenye usukani, mama kando yangu, nyuma mdogo wangu na watoto wake wawili. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, na tangu foleni ya Kimara nilikuwa nimebonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake, ili moshi wa malori usituingie. Sikukigusa tena. Chalinze, Morogoro, Mikumi, AC inapuliza, watoto wamelala. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, mfuko mzima, tukaupakia nyuma. Chini ya Kitonga nikazima AC, kama nilivyoambiwa na kila mtu aliyewahi kuupanda mlima ule: injini ndogo, mzigo mkubwa, na ule mshale wa joto la injini unauangalia kama maziwa yaliyo jikoni. Tukapanda nyuma ya malori kwa mwendo wa kutembea. Tulipofika juu, hewa ya Iringa ikaingia dirishani, nikajiambia: AC ya nini tena?

Mafinga tulifika giza limeshaingia. Manyunyu ya Mufindi yalikuwa yanashuka, yale ambayo huyahisi mpaka nguo imeshalowa. Watoto walitoka kujisaidia, wakarudi masweta yana maji. Mama alikuwa anatetemeka, kwa hiyo tukafunga vioo vyote, tukaendelea. Tulipoipita Nyololo kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe. Nikakifuta kwa kiganja. Kikarudi. Nikachukua ncha ya kanga ya mama nikafuta tena, nikaacha michirizi iliyoifanya taa ya kila gari linalokuja ipasuke vipande kumi. Nikafungua dirisha, kioo kikaanza kusafika, mama akajikunyata. Nikafunga. Kikawa cheupe zaidi ya mwanzo.

"Mwanangu," mama akasema, "unaendesha kwa kupapasa."

Nikasimama palipokuwa na malori mawili yameegeshwa. Dereva mmoja, mtu wa makamo, koti zito na kofia ya sufu, akaja kuuliza kama tumeharibikiwa.

"Vioo, kaka. Sioni mbele."

Akaingiza kichwa dirishani, akaangalia dashibodi kwa tochi ya simu, akacheka. "Mmejifungia na pumzi zenu, dada. Hiyo hewa mnayovuta ni ya tangu Dar."

Akabonyeza kitufe cha mshale uliojikunja, taa yake ikazimika. Akageuza hewa ielekee kioo cha mbele. Kisha akabonyeza AC. Nikapiga kelele: kaka, AC kwenye baridi hii, na mimi nina mtu mzima humu ndani? Akajibu bila kuniangalia, huku akizungusha kitasa cha joto mpaka mwisho wa rangi nyekundu: "Hii haikuletei baridi, dada. Hii inakunywa maji. Baridi unaiondoa na hiki."

Kioo kilianza kufunguka kuanzia chini, kama pazia linalopandishwa. Haikufika dakika mbili. Hewa iliyokuwa inatoka ilikuwa ya moto na kavu, masweta ya watoto yakaanza kukauka, na mama akaacha kutetemeka. Akamshukuru yule bwana kwa Kibena, naye akamjibu kwa Kihehe, wakaelewana.

Maneno yale mawili, inakunywa maji, nimeyabeba tangu siku ile. Mambo yenyewe si magumu. Mtu anapopumua anatoa mvuke. Watu watano wenye nguo mbichi ndani ya kisanduku kilichofungwa wanatoa mvuke mwingi, na ukiwa umeziba hewa ya nje hauna pa kwenda. Unakutana na kioo baridi na kugeuka maji, kama bilauri ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani hapa Dar. Nyuma ya dashibodi, AC ina kitu mafundi wanachokiita evaporeta, yaani msururu wa mabomba membamba yenye mapezi, ambayo huwa ya baridi sana mashine ikifanya kazi. Hewa ikipita hapo, mvuke wake unanata kwenye baridi na kuchuruzika. Inayotoka ni hewa kavu. Ukitaka iwe kavu na ya moto, inapitishwa tena kwenye rejeta ndogo yenye maji ya moto ya injini. Hayo mawili hayagombani. Yamewekwa pale ili yafanye kazi pamoja, na mimi miaka yote nilikuwa nayatenga, moja la Dar, jingine la Njombe.

Baadaye nilisoma kwamba hata mwanzo wa mashine hizi haukuwa joto. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alichora mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn. Unyevu wa majira ya joto ulikuwa unaitanua karatasi na kuisinyaza tena, na rangi za picha hazikukaa mahali pake. Iliyotafutiwa nafuu ilikuwa karatasi. Ubaridi tuliopata sisi ni wa ziada. Kwenye magari ulifika na Packard za mwaka 1940, na zile zilikuwa na kituko chake: hapakuwa na kitufe cha kuzima. Ukitaka kupumzika na baridi, unasimama, unazima injini, unafungua boneti na kuvua mkanda wa kompresa. Nikikumbuka hilo naona aibu, mimi niliyekuwa na vitufe vyote mkononi nikafuta kioo kwa kanga.

Niliporudi Dar nikaanza kuyapitia upya matatizo yote ya gari lile tangu nilinunue. Karibu yote yalikuwa ya maji.

La kwanza lilikuwa kimbelembele changu mwenyewe. Mwezi wa kwanza wa kulimiliki niliona matone chini ya gari, upande wa kushoto, kila nikiegesha. Jirani akanitania kwamba gari langu halijaachishwa kukojoa. Nikalikimbiza gereji nikidhani rejeta inavuja. Siku hizi nachovya kidole. Maji ya AC hayana rangi, hayana harufu wala utelezi. Ya rejeta, kama imewekwa kimiminika chake cha kupoza, huwa na rangi ya kijani au nyekundu na yanateleza kidogo. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na kingeniokolea siku nzima ya kukaa kwenye benchi la gereji nikinywa soda ya moto.

La pili lilikuwa uvundo. Ulikuja polepole, kama mgeni asiyeaga. Kila nikiwasha AC asubuhi, pumzi ya kwanza ilikuwa ya tambara lililosahauliwa ndooni. Nikatundika manukato ya mti wa kijani kwenye kioo. Nikatundika la pili. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, akaleta udi na chetezo, akaufukiza ndani ya gari milango imefungwa, na kwa siku mbili lilinukia kama bwana harusi. Siku ya tatu ilikuwa udi juu ya tambara. Wakati huohuo AC yenyewe ilikuwa imeanza kupoza kidogo tu. Fundi wa kwanza akasema gesi imekwisha. Akatia. Baada ya miezi minne akasema imekwisha tena. Akatia tena, nikalipa tena.

Nilipofika kwa fundi mmoja mzee wa Gerezani, hapa Dar, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, maji yanadondoka chini?"

"Siku hizi hayadondoki kabisa, limepona," nikasema, nikijisifu.

Akaweka spana chini. "Kama hayadondoki nje, yanadondoka wapi?"

Akainua mkeka wa plastiki upande wa abiria, akakandamiza zulia kwa kidole gumba. Maji yakatoka. Sponji iliyo chini ya zulia ilikuwa kama andazi lililozama kwenye chai. Kimpira cha kutolea maji ya evaporeta, kisichozidi unene wa kidole, kilikuwa kimeziba kwa matope na takataka, na kila tone lililonywewa na AC tangu sijui lini lilikuwa linarudi ndani, miguuni pa mama yangu, miguuni pa kila mtu niliyempa lifti. Alikizibua kwa waya mwembamba na pumzi ya upepo wa kompresa ya matairi. Sekunde chache. Kisha akanipa kazi halisi. Alichomoa waya wa betri na kusubiri kidogo, kwa sababu viti vingine vina nyaya za mifuko ya hewa chini yake na hazichezewi zikiwa na umeme. Akafungua kiti kwa spana namba 14, bolti nne, akang'oa zulia, akaniambia niende nikalianike.

Chini ya zulia palikuwa na madoadoa meupe na ya kijani, laini, yenye manyoya. Nikamuuliza ni nini. "Ukungu," akasema.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi kwamba neno hili lina maana mbili, kile kinachofunika mabonde asubuhi na kile kinachoota kwenye mkate uliosahauliwa kabatini, na nikalitaja kama mfano tu wa neno moja kubeba maana zaidi ya moja, kisha nikapita. Nilipokuwa nimechuchumaa pale Gerezani, niliona kwamba waliolitengeneza neno hili walikuwa wanaangalia kuliko mimi. Ule wa kioo cha Nyololo na huu wa chini ya zulia ni kitu kimoja kwa umri tofauti. Maji yaliyonaswa yakikaa dakika tano yanakuzuia kuona. Yakikaa miezi mitano yanakuotea.

Zulia lilikaa juani siku tatu, uani, na kuku wa jirani walilipenda. Niliipangusa sakafu ya bati kwa siki iliyochanganywa na maji, nikakausha, nikaona vijidoa vya kutu vilivyokuwa vimeanza kwenye maungio. Uvundo wa kwenye matundu ya hewa ulibaki kidogo, kwa kuwa evaporeta yenyewe ilikuwa inalala mbichi kila usiku. Mzee akanifundisha dawa isiyouzwa dukani: nikikaribia nyumbani, dakika tatu nne kabla ya kufika, nizime AC lakini niiache feni ikipuliza kwa nguvu. Yale mabomba yanakauka. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu, na tambara likaondoka bila udi.

Na gesi? Hapo mzee aliudhika kweli. Akasema gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabanwa na kompresa, inapoa mbele kwenye kondensa, inapanuka kwenye evaporeta, inarudi. Gari zee linaweza kupoteza kidogo kwa miaka kupitia mipira, lakini ikipungua ndani ya miezi minne, imetoka mahali. Akapaka povu la sabuni kwenye viungo, kimoja kikatoa mapovu. Oringi ya mpira, kitu cha bei ya vocha ya simu. Ile niliyolipia mara mbili ilikuwa imeenda hewani, na hapo uchungu wa fedha zangu ndio mdogo. Magari ya zamani yalitumia gesi ya R-12 iliyokuwa inatoboa tabaka la ozoni; baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987 watengenezaji wakahamia R-134a, iliyomo kwenye mengi ya magari yetu ya mitumba hadi leo. Hiyo haitoboi ozoni, lakini kilo yake moja hewani inapasha dunia joto takriban mara 1,430 kuliko kilo ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Nchi zilikubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo zilipokutana hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016. Kwa hiyo fundi anayefungua valvu na kuiacha gesi ya zamani itoke kwa mluzi ili atie mpya, bila kutafuta tundu, anamwibia mteja na anatuibia sote. Tangu hapo nauliza swali moja kabla ya kulipa: umeona inapotokea?

Mzee hakuishia hapo. Akafungua kijisanduku cha mbele ya abiria, akakivuta kikashuka, na nyuma yake akachomoa filta ya AC. Sikujua kama ipo. Ilikuwa nyeusi kama chungu cha jikoni la kuni, na katikati ya mikunjo yake palikuwa na jani kavu, la umbo la upepeo, la mti usioota kwetu. Lilikuwa limesafiri kutoka Japani kwa meli pamoja na gari na lilikuwa limekaa pale nikipumua kupitia kwake. Ndiyo maana hewa ilikuwa inatoka kwa kuvizia hata feni ikiwa ya mwisho. Filta mpya iliwekwa kwa dakika mbili bila spana. Sasa naibadilisha kila mwaka, na kila baada ya safari ndefu ya vumbi naitoa na kuikung'uta. Jani nimelitia ndani ya kamusi.

Kuna mambo ya Japani ambayo hayakuwa na dawa. Redio iliishia 90, kwa kuwa kule masafa ya FM yanaanzia chini zaidi ya kwetu. Na kila nikiwasha gari dada mmoja wa Kijapani alizungumza kwa upole. Nilidhani ananisalimu, na kwa muda mrefu nilimwitikia. Kumbe alikuwa ananikumbusha kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara za Japani.

Maji hayo yote yalikuwa yanajileta yenyewe. Mengine niliyaleta mimi. Niliwahi kuliacha gari kwa vijana wa kuosha, Aprili, katikati ya masika, nikawaambia walisafishe "mpaka ndani". Nilirudi nikakuta kijana anapiga mpira wa maji juu ya zulia kama anayemwagilia mchicha. Linang'aa, akasema, na kweli lilikuwa linang'aa. Lakini Dar ya Aprili haikaushi hata shuka kambani, sembuse sponji iliyofunikwa na zulia. Ndani ya gari hapaoshwi. Panapigwa brashi kavu, panavutwa vumbi kwa mashine, na doa linapanguswa kwa kitambaa chenye povu kidogo kilichokamuliwa, kisha milango inaachwa wazi kivulini. Nikiona mtu anakuja na ndoo, nasimama mlangoni.

Kisha samaki wa soko la Feri. Hili nalisema kwa kifupi kwa kuwa familia yangu bado inalitumia kunicheka. Changu watatu na pweza mmoja, mfuko wa plastiki mmoja badala ya miwili, tuta moja la barabarani lililonishtukiza. Maji ya samaki yakaingia buti, chini ya tairi la akiba. Nilifuta juu, nikanyunyiza manukato. Baada ya siku mbili kwenye jua la mchana, polisi wa barabarani aliyenisimamisha alirudi hatua moja nyuma kabla ya kuomba leseni. Manukato juu ya uozo ni harufu mbili, hazifutani. Ilibidi kutoa kila kitu mpaka bati, kuosha, kukausha, kisha kuacha kikapu cha mkaa mkavu humo kwa wiki nzima. Tangu siku hiyo samaki wanasafiri ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Jua nalo lina hesabu zake, ila siliogopi kama maji, kwa sababu linaonekana. Dashibodi yangu ilikuwa inapauka na kuanza kupasuka karibu na kioo. Nilifuata ushauri wa barabarani, nikaipaka mafuta ya kung'arisha. Iling'aa kiasi kwamba mchana ilijitokeza yote kwenye kioo cha mbele, nikawa naendesha huku naangalia picha ya dashibodi juu ya barabara, na vumbi lote la Barabara ya Mandela likaja kunata. Nikayafuta kwa maji ya sabuni na kuanza kutandika kanga pale kila nikiegesha. Kanga ni nzuri kuliko vile vikinga jua vya fedha katika jambo moja: inafunika na usukani pia. Kuhusu nailoni za viti, wale wanaoziacha miaka mitano ili kiti kisichakae, sina la kuwaambia isipokuwa kwamba jasho linalonaswa chini ya nailoni linakipa kiti uvundo kabla ya mtu kukikalia. Kava za kushona ni bora, lakini kabla hujampa mshonaji vipimo angalia ubavuni mwa kiti: kama kuna kitambulisho kidogo kilichoandikwa mfuko wa hewa, pale pasifungwe na kitambaa. Na kioo cha nyuma, chenye vile vistari vyekundu vya kukipasha joto, nilikikwangua tinti kwa wembe. Vistari vitatu vikakatika. Mpaka naliuza gari lile, upande wa chini wa kioo kile haukukauka tena.

Saa saba mchana Februari, gari likiwa limeegeshwa juani, watu wengi wanafanya nilichokuwa nafanya: wanaingia, wanafunga, wanawasha AC mpaka mwisho na kungoja huku wakitokwa jasho. Wanaipa mashine kazi ya kupoza hewa ambayo ni ya moto kuliko ya nje. Fungua milango yote kwanza, hewa ile itoke. Ondoka na vioo vikiwa chini, AC ikiwa imewashwa, kwa dakika mbili tatu. Ndipo ufunge, na hapo sasa ule mshale uliojikunja una faida, maana mashine inaipoza hewa ambayo imeshapoa. Usiuache humo siku nzima. Barabara ya vumbi nyuma ya lori, ndiyo, funga mpaka litakapopita. Kwenye baridi au mvua, kamwe. Na mtoto usimwache ndani hata kwa kwenda kununua mkate, hata kioo kikiwa wazi kidogo: nje ikiwa nyuzi 32, ndani panaweza kupita 45 kabla ya nusu saa kwisha, na mwili wa mtoto unapata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Hilo silifanyii utani.

Lile gari nililiuza 2019 kwa mwalimu mwenzangu wa Morogoro. Kabla ya kumkabidhi ufunguo nilimwonyesha mambo mawili, kijisanduku cha filta na mahali kimpira cha maji kinapotokea chini. Aliniangalia kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ambayo hamjui bibi harusi wake. Baada ya miezi michache akanipigia simu: yuko Iringa, mvua inanyesha, vioo vimeziba, afanyeje? Nikamwambia.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, kama gari lako liko nje, shuka ukainue mkeka wa upande wa abiria. Kandamiza zulia kwa kidole gumba. Likiwa kavu, rudi ukalale. Likitoa maji, usinunue manukato, na usimruhusu mtu akutie gesi mpaka akuonyeshe kimpira kile kinadondosha maji nje.